Mchele Haukusogea

Rafiki yangu Nasimiyu,

Nimempiga mtu mdomoni kwa jiwe la mizani la kilo mbili. Nilimpiga mara tatu. Meno yalitoka nikayaona kwenye vumbi la soko la Bungoma, na watu wakanishangilia kama niliyefunga bao. Mtu mwenyewe ni mmoja wa wale wawili waliokuua. Najua ungekuwa hai ungesema, "Ati wewe Nekesa? Wewe wa kuogopa kuchinja kuku?" Ndiyo, mimi. Lakini sikumpiga kwa ajili yako, Nasi, na hilo ndilo lililonikalisha chini kuandika.

Leo ni Jumatano mchana. Nimefunga hoteli. Wateja wanagonga nawaambia ugali umeisha, na ugali haujaisha, umejaa sufuria. Ijumaa nimeitwa kortini kutoa ushahidi. Kabla sijasimama mbele ya hakimu nataka nikwambie wewe kwanza, kwa sababu watu wote wanadhani wananijua na hakuna anayejua.

Nianze na ile Jumamosi uliyoingia hapa Kitale mara ya kwanza. Chama chetu cha sarafu kilikuwa kimekaa meza ya nyuma kama kawaida ya Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Harbans wa duka la vipuri alikuwa na rupia za babu yake kwenye leso, na Pasta kutoka Tongaren alikuwa amepanga senti zake kwenye trei ya mayai. Mimi nilikuwa nasugua shilingi ya zamani kwa limau na majivu ing'ae. Wewe hata hukusalimia. Ulinipiga kofi la mkononi, shilingi ikaruka mpaka jikoni.

"Wewe mama, unaichuna ngozi! Sarafu haioshwi! Huo uchafu ndio umri wake!"

Nilitaka kukufukuza. Mgeni anakuja kunipiga kwangu, tena mbele ya Pasta! Kisha ukamwaga mezani sarafu zako, za nchi ambazo hata Harbans hakuzijua, zote zimetoka kwenye mifuko ya makoti ya mitumba. Ulisema watu wa Ulaya wanagawa makoti lakini hawakagui mifuko. Kila ukifungua belo la nguo ulikuwa unaanza na mifuko, halafu unashona uzi mwekundu chini ya kola ili usikague koti moja mara mbili. Wanawake wenzako sokoni walikucheka. Wakati wao wanagombania koti zuri, wewe ulikuwa umeingiza mkono mfukoni mwa koti bovu, umefumba macho kama mtu anayemtafuta samaki chini ya jiwe. Nilikupenda siku hiyo hiyo, na kofi lako bado likiniwasha.

Halafu ukapata ile senti kumi yenye tundu. Ilikuwa imeingia kati ya kitambaa na bitana ya koti la kahawia. Senti ya huku kwetu, ya wakati wa ukoloni, yenye jina la yule mfalme aliyeacha kiti kabla mwaka haujaisha. Mkoloni fulani aliondoka nayo mfukoni, na koti likarudi kwenye belo mpaka Bungoma. "Imeenda Ulaya na kurudi bila pasipoti," ulisema. Bei yake haikufika hata kuku wawili. Harbans aliitaka kwa bei ya kuku watatu ukamwambia akanyonye msumari.

Sasa nakuja kwenye ubaya.

Unawakumbuka mabroka. Wale wa kuzunguka kutoka Kitale mpaka Cheptais wakiuliza kama kuna mzee mwenye sarafu ya zamani inayovuta mchele. Ati ukiiweka katikati ya sahani, punje zinasogea zenyewe, na kuna tajiri anangoja Nairobi na mamilioni. Walikuwa wanakunywa chai yangu na kuninong'oneza. Sisi tukawa tunawacheka mpaka mbavu zinauma. Watu wa sarafu tuna kiburi hicho, Nasi. Tukishajua kusoma tarehe ya senti tunadhani kila asiyeijua ni mjinga wa kuchezea.

Wazo la video lilikuwa langu. Nilichukua punje za mchele mbichi, nikazigandisha kwa gundi kwenye nyuzi nyembamba nyeupe, nyuzi nikazipitisha kwenye tundu la senti yako, zikashuka kwenye tundu la sahani ya plastiki na ufa wa meza. Pasta alishika simu yangu akirekodi. Mimi nilikuwa chini ya meza navuta. Punje zikaanza kutambaa kuelekea kwenye senti kama siafu, na wewe ukapiga kelele ya uongo, "Yesu! Yesu wangu!" mpaka Harbans akamwaga chai. Tulicheka, wewe ukalala kabisa kwenye benchi. Halafu ukaketi, ukafuta macho, ukasema, "Lakini hii isitoke hapa, bana. Wajinga ni wengi na njaa ni nyingi."

Nilikujibu, "Itoke iende wapi?"

Ilitoka, Nasi. Niliitoa mimi.

Ilikuwa Jumatatu ya mvua, hoteli tupu. Kuna gurupu kubwa la mabroka lililoniingiza kwa laini yangu ya pili, ile isiyo na jina. Nikaituma. Nilitaka kucheka tu. Zikaja sauti za watu wanahema kama wamekimbizwa, mmoja analia, mmoja anaomba kwa jina la mama yake. Nikacheka peke yangu jikoni kama mwendawazimu. Mmoja akauliza, "Mwenye hiyo mali ni nani?" Nikaandika kwa kidole hiki: "Mwenyewe ni mama wa makoti, Bungoma."

Nikaweka simu chini nikaenda kupakua maharagwe.

Jioni yake nilipata aibu kidogo, nikafuta kila kitu, nikaivunja ile laini. Sikukwambia. Nilijua utanitukana, na mimi sipendi kutukanwa. Hiyo ndiyo sababu yote. Hakuna nyingine kubwa zaidi.

Jumapili ya pili baada ya hapo, shemeji, Wanyonyi wako, alienda kanisani na watoto wenu. Mlikuwa mmegombana asubuhi kwa sababu ulitaka kufungua belo siku ya Bwana. Majirani waliona wanaume wawili wakiingia, wakadhani ni wateja. Wakasikia redio imepandishwa, nyimbo za injili, wakadhani ni wewe unajirudi. Walikuja mchana, Nasi. Jua lilikuwa linawaka, na jirani alikuwa anaanika nguo hatua kumi kutoka kwako.

Nilifika kutoka Kitale saa tisa. Mwili wako ulikuwa umeshachukuliwa. Sakafu ya jikoni ilikuwa na damu iliyoanza kuganda, na mchele umetapakaa kila mahali, punje zimenata kwenye damu, nyingine zimeingia kwenye nyufa za saruji. Wanawake wa jirani walikuwa na mafagio. "Maskini, alikuwa anapika," wakasema. Juu ya kigoda kulikuwa na sahani, na katikati ya sahani ile senti yako.

Hukuwa unapika. Mimi peke yangu katika nyumba ile nilijua. Waliiweka senti kwenye mchele wako wakangoja, na mchele haukusogea. Wakadhani umewabadilishia, umewaletea ya bandia na ile yenyewe umeificha. Vidole vyako vinne vya mkono wa kulia vilivunjwa kwa koleo lako la kukatia mikanda ya belo, kimoja baada ya kingine. Daktari alisema hivyo, kimoja baada ya kingine. Maana yake walikuuliza mara nne. Halafu wakamaliza kwa kichwa.

Nimefikiri usiku na mchana uliwajibu nini. Najua uliwaambia ni mzaha, ni uzi, ni gundi. Nani angeamini? Nami nina hasira na wewe pia, nikwambie ukweli! Ungewaambia ni Nekesa, mwenye hoteli Kitale, nendeni mkamuulize! Walitaka kujua nani aliyeituma, lazima walitaka. Na hawakuja kwangu. Nilikaa wiki nzima na panga chini ya kaunta nikiwangoja na hawakuja. Basi hukunitaja. Vidole vinne, Nasi, na hukunitaja! Ni nani aliyekuomba?

Ile senti niliichukua kabla ya polisi kuandika. Ilikuwa na damu yako kwenye tundu. Nilikuja nayo Kitale nikaisugua kwa limau na majivu mpaka ikang'aa kama ya jana. Uliniambia sarafu haioshwi. Sikuwa nataka ing'ae. Nilitaka isiseme.

Tulikuzika kwenu Sirisia. Siku ya tatu tukarudi kwa ajili ya kunyoa nywele, na baba yako mdogo akasimama katikati ya ua kama desturi ilivyo. Akauliza kama kuna mtu mwenye neno juu ya kifo hiki, alitoe sasa, asiende nalo. Aliuliza mara tatu. Nilitazama viatu vyangu. Harbans alikuwa amekaa pembeni yangu na kitambaa cheupe cha msiba kichwani. Tulipokuwa tunarudi aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, ile video ilitoka inje?" Nikamwambia hapana. Akaitikia kwa kichwa na hakuuliza tena, na chama hakijakaa tangu siku hiyo. Pasta alikuja mara moja kuchukua trei yake ya mayai. Hakutaka hata chai.

Wiki tatu baadaye nilishuka Bungoma kumsaidia shemeji kufunga kibanda chako. Ilikuwa siku ya soko. Mama Felista, yule wa viatu, alimwona kijana wa miaka kama thelathini amevaa koti la kijani, akaliona geni. Alimsogelea kwa nyuma kama anayemtoa mdudu, akainua kola. Uzi mwekundu. Belo la mwisho lililokuwa na makoti ya kijani ulilifungua Jumapili ile ile, na hakuna koti hata moja lililokuwa limetoka nje ya nyumba yako.

"Mwizi! Huyu ndiye ameua Nasimiyu!"

Wewe unalijua soko lile. Kabla sijageuka alikuwa chini. Walimpiga kwa mbao za vibanda, kwa mawe, kwa viatu vya Mama Felista mwenyewe. Mtu mmoja alimkanyaga mkono nikasikia mfupa, na ninakiri nilifurahi. Nilitaka wafike vidole vinne. Kijana mmoja alikuja anavingirisha tairi, na mwingine akawa anaomba petroli kwa watu wa boda. Nilisukuma watu mpaka nikafika mbele. Nilitaka kumwona uso.

Alikuwa analia kama mtoto, damu inamtoka puani. Halafu akaanza kusema, na mimi nilikuwa karibu kuliko wote.

"Naomba! Naomba mnisikize! Sisi hatukutaka kuua! Tuliona video! Ile sarafu ilikuwa inavuta mchele, nawaapia, kuna mtu alituma, akatuambia ni mama wa makoti..."

Jiwe la mizani lilikuwa kwenye meza ya muuza vitunguu. Sikumbuki kulichukua. Nakumbuka uzito wake. Nilimpiga mdomoni alipofika kwenye neno makoti, na nikampiga tena alipojaribu kumalizia, na ya tatu nilimpiga akiwa ameshanyamaza. Watu wakapiga kelele, "Mpige mama! Mpige!" Nikarudi nyuma. Polisi walifika wakamtoa akiwa hai, ameshavikwa tairi begani.

Unaona nilichofanya? Ule mdomo ulikuwa unakiri. Mbele ya soko zima alikuwa anasema alikuua na kwa nini, na mimi nikauvunja ili asifike kwangu.

Tangu hapo mimi ni shujaa. Hapa Kitale wananiita Mama Jiwe. Vijana wanaleta wenzao kunywa chai ili wanitazame. "Sasa, Mama Jiwe! Wewe ni noma!" Shemeji Wanyonyi alikuja na makopo yako yote ya sarafu, akayaweka kwenye kaunta, akasema wewe ungependa nikae nayo, kwa sababu ni mimi niliyekulipia kisasi. Nililia akadhani ni uchungu. Makopo yako yapo kwenye rafu ya sukari. Nikipita yanalia kidogo, sakafu ya hapa si imara, na mimi natoka jasho.

Taya la yule kijana limepona. Sasa anasema vizuri, na anachosema ni kwamba koti alilinunua kwako wiki moja kabla, na kwamba sokoni hakuzungumza neno lolote, alikuwa anapigwa tu. Mwenzake hajapatikana. Waliosimama mbele wamesikia "mchele" na "sarafu", wengine wanasema alikuwa anaomba chakula. Mpelelezi alikuja hapa akala chapati mbili kisha akaniambia, "Mama, tuna koti lakini hatuna sababu. Nani anamuua mama wa mitumba, anamvunja vidole, halafu anaacha pesa za mauzo kabatini?" Akanitazama. "Wewe ulikuwa karibu. Alisema nini?"

Nilimwambia sikusikia, kelele zilikuwa nyingi.

Wakili wake anataka aachiliwe. Mpelelezi anasema Ijumaa ikipita hivi hivi, hakimu ataona koti na uzi, basi. Yule mtu atatoka na meno ya bandia, ataendelea kuuliza wazee wa Cheptais kama wana sarafu inayovuta mchele. Na atampata mwingine asiye na jibu.

Jana nilienda kwa shemeji. Nilimkuta kwenye mahindi, anapalilia. Sikusalimu vizuri, nilisema yote nimesimama, nikitazama tumbo lake kwa sababu uso sikuuweza. Nilimwambia uzi, gundi, laini ya pili, yale maneno niliyoandika, jiwe. Nilipomaliza aliinua jembe. Nilifumba macho, Nasi, na nilikuwa nimekubali. Likashuka ardhini mbele ya vidole vyangu vya miguu. Akaliinua tena akalishusha, tena, tena, akikata mahindi yake mwenyewe, anatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa binadamu, mpaka mpini ukavunjika. Halafu akakaa chini kwenye mahindi yaliyolala.

"Utasema hivyo kortini?"

Nikasema nitasema.

"Basi toka kwangu. Na usiposema, nitakuja Kitale, na siku hiyo jembe halitashuka ardhini."

Nimekutolea yote. Sikuombi msamaha, kwa sababu hapo ulipo huwezi kunikatalia, na msamaha wa mtu asiyeweza kukataa si msamaha. Wanaweza kunifunga kwa kuficha, wanaweza kunifunga kwa yale meno, sijui sheria inasemaje, na nimeacha kuuliza. Kwaheri, rafiki yangu. Nakuahidi kitu kimoja tu, na hiki sitakikimbia. Ijumaa mama yako atakaa kwenye benchi la mbele. Tangu tukuzike ananiita binti yake, na amenitumia ujumbe kwamba amenishikia nafasi kando yake, atanishika mkono nikiogopa. Nitaketi hapo. Na jina langu litakapoitwa, nitamwambia auachie mkono wangu kwanza, ndipo nisimame.

Nekesa